Toka KIA mpaka unakoenda: jinsi ya kupiga mwenyewe hesabu ya umbali na masaa ya ndege

Toka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mpaka Dar kwa ndege ni kilometa ngapi, na ni masaa mangapi? Hili swali naulizwa sana, mi naendesha Noah ya kukodi hapa Moshi na kazi yangu kubwa ni kupeleka na kupokea watu KIA, na nimeona kila mtu ana jibu lake. Mmoja anakwambia kilometa 560 kwa sababu ndo anazozijua za barabarani toka Moshi, wa Arusha anakwambia mia sita na kitu, mwingine anasema lisaa limoja tu, alafu huyo aliyeambiwa lisaa limoja anapanga kikao Posta, Dar mjini, saa tatu asubuhi wakati ndege yake inaruka KIA saa moja na nusu, anafika jasho linamtoka na watu washaendelea bila yeye.

Nimeamua niandike yote hapa mara moja. Hesabu yenyewe sio ngumu, unahitaji simu na kalamu tu, na ukishaielewa utaitumia kwa uwanja wowote, uwe unaenda Mwanza, Kigali au Ulaya kwa mtoto. Ila nakwambia mapema, kilometa sio zinazowaumiza watu, wanaoumia wanaumia kwenye masaa, kwa iyo hata kama unaruka ruka usiache kusoma kipande cha saa za kwenye tiketi.

Kabla ya kupima chochote jua kwanza unapima kutoka uwanja gani, maana huku kwetu viwanja vya karibu ni viwili na watu wanavichanganya kila siku. Kuna KIA, ule mkubwa, uliofunguliwa 1971, uko wilaya ya Hai katikati ya Moshi na Arusha, na kuna uwanja mdogo wa Arusha kule Kisongo, upande wa barabara ya kwenda Dodoma. Ukichora mstari wa moja kwa moja kati yao ni kama kilometa 50, lakini kwa gari lazima upite Arusha mjini katikati na foleni yake yote, kwa iyo mtu akienda Kisongo wakati ndege yake iko KIA hiyo safari imekufa. Njia ya uhakika ni kuangalia zile herufi tatu kwenye tiketi. KIA ni JRO. Kisongo ni ARK. Dar ni DAR, Zanzibar ZNZ, Mwanza MWZ, Dodoma DOD, Addis ADD. Nairobi nayo ina viwili, Jomo Kenyatta ni NBO na Wilson ni WIL, kwa iyo na huko angalia vizuri. Usimwonee mtu anayechanganya KIA na Kisongo, Desemba 2013 ndege kubwa Boeing 767 iliyokuwa inakuja KIA ilitua Kisongo, kwenye njia fupi iliyojengwa kwa ndege ndogo, na matairi yakaishia kwenye nyasi. Rubani na vifaa vyake vyote alichanganya, sembuse mama anayesafiri mara ya kwanza na tiketi imeandikwa Kiingereza kitupu.

Haya, umbali. Ndege haifuati barabara, haizunguki kwenda Same, Korogwe mpaka Chalinze, kwa iyo kilometa za basi zisahau kabisa. Tunachotafuta ni umbali wa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia. Kila uwanja una namba mbili, latitudo na longitudo, zile tulizosoma darasa la tano tukadhani hazina kazi. Latitudo inakwambia uko digrii ngapi kaskazini au kusini ya ikweta, longitudo inakwambia uko digrii ngapi mashariki au magharibi ya Greenwich. Kuzipata ni rahisi, fungua Google Maps, tafuta uwanja, kisha gandamiza kidole palepale kwenye njia ya kurukia mpaka itokee alama, chini zitakuja namba mbili zenye desimali. Ukiona namba ya kwanza ina alama ya kutoa mbele yake maana yake ni kusini ya ikweta, na sisi wote huku tuko kusini.

Sasa siri yenyewe ni namba moja tu, 111. Mzingo wa dunia ni kama kilometa 40,000, gawanya kwa digrii 360, unapata kilometa 111 kwa kila digrii moja. (Hiyo 40,000 kukaa vizuri hivo haikutokea tu, Wafaransa walipoanzisha mita miaka ya 1790 waliipima kutokana na dunia yenyewe, umbali wa toka ncha ya kaskazini mpaka ikweta wakaugawa mara milioni kumi. Mi nilipolijua hili nililipenda sana, nikaona kumbe hata ile rula ya darasani ilitoka kwenye dunia.)

Tupige KIA mpaka Dar pamoja. KIA iko 3.43 kusini na 37.07 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere uko 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Kwenda kusini, toa 3.43 kwenye 6.88, inabaki 3.45, zidisha kwa 111 unapata kama kilometa 383. Kwenda mashariki, toa 37.07 kwenye 39.20, inabaki 2.13, zidisha kwa 111 unapata 236. Hapo una pande mbili za pembetatu mraba, na ndege inakata ule upande mrefu. Ni Pythagoras yule yule wa sekondari, 383 mara 383 ni 146,689, 236 mara 236 ni 55,696, jumlisha inakuja 202,385, tafuta kipeuo cha pili kwenye kalkuleta ya simu, jibu 450. KIA mpaka Dar ni kilometa 450. Ndo hiyo, hakuna uchawi mwingine.

Ukipiga hivo hivo kwa viwanja vingine utapata Zanzibar kama 390, ambayo inawashangaza watu kwamba Zanzibar iko karibu na sisi kuliko Dar, lakini ndivo ilivo, iko kaskazini zaidi. Mwanza kama 470. Nairobi Jomo Kenyatta ni 235 tu, yaani nusu ya Dar, ukiangalia ramani utaona Nairobi iko karibu moja kwa moja juu yetu. Kisongo kwenda Zanzibar ni kama 427, umbali unaongezeka kwa sababu Kisongo iko magharibi zaidi ya KIA.

Kuna mtego mmoja, ukivuka ikweta usitoe, jumlisha. Addis iko 8.98 kaskazini na sisi tuko 3.43 kusini, kwa iyo unajumlisha unapata 12.41, mara 111 ni 1,377. Longitudo ya Addis ni 38.80, toa 37.07 inabaki 1.73, mara 111 ni 192. Malizia mwenyewe, inakuja 1,390. Nairobi haiingii kwenye mtego huu, watu wengi wanadhani iko kaskazini ya ikweta lakini bado iko kusini kidogo, digrii 1.32.

Hii njia ya 111 na Pythagoras inafaa sana huku kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ukienda mbali inaanza kukudanganya, sababu mistari ya longitudo inabanana kadiri unavyopanda kaskazini, yote inaenda kukutana kwenye ncha. Huku digrii moja ya longitudo ni kilometa 111, ukifika Amsterdam kule digrii 52 imebaki kama 68. Kwa safari ndefu kama hiyo usijitese na kalamu, kwenye Google Maps ukishagandamiza kidole na alama ikatokea, kuna sehemu ya kupima umbali, ichague, sogeza ramani mpaka uwanja wa pili, inakupa kilometa zilizonyooka kwa kufuata mzunguko wa dunia. KIA mpaka Amsterdam utaona kama 6,900.

Na usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani. Dunia ni duara, ramani ni bapa, vitu viwili tofauti. Chukua chungwa na uzi, shika uzi kwenye nukta mbili upande wa juu wa chungwa alafu uvute ukaze, utaona uzi wenyewe unapanda kuelekea kwenye kikonyo. Ndo maana ndege ya Amsterdam kwenda Los Angeles inapita juu ya Greenland, kwenye ramani inaonekana imezunguka, kwenye dunia ya kweli imenyoosha.

Tuje kwenye muda wa angani. Hapa unatakiwa ujue unapanda ndege gani, na kwenye tiketi au ukurasa wa kununulia tiketi huwa imeandikwa. Zile ndogo za injini moja za kwenda mbugani, Cessna Caravan, weka kilometa 300 kwa saa. ATR za pangaboi weka 500. Bombardier Q400, nayo ni ya pangaboi lakini ina mbio, weka 650. Jeti kama Airbus A220 au Boeing 737 weka 800 kwa safari fupi, na zile kubwa za kwenda Ulaya weka 850, zenyewe zinaweza kufika hata 900 zikiwa juu lakini 850 inakupa jibu la karibu na ukweli.

Gawanya kilometa kwa mwendo, alafu jumlisha nusu saa, kwa pangaboi dakika 25 zinatosha. Hiyo nyongeza watu wengi wanaisahau na ndo inawaharibia hesabu. Ndege ikifunga milango hairuki hapo hapo, inatambaa mpaka mwisho wa njia, pale KIA kuna njia moja tu ya kama kilometa tatu na nusu imelala mashariki magharibi, ikiruka inapanda kwa mwendo mdogo, inageuka kutafuta uelekeo, na kabla ya kutua inaanza kupunguza mwendo mapema, saa nyingine inazungushwa isubiri mwenzake atue. Dakika zote hizo zinahesabiwa kwenye muda wa tiketi, kwa sababu tiketi inahesabu toka ndege inaondoka kwenye maegesho mpaka inapoegesha kule.

KIA Dar kwa ATR, 450 gawanya kwa 500 ni dakika 54, ongeza 25, ni kama saa moja na dakika 20. Kwa jeti ni dakika 34 ongeza 30, saa moja na dakika nne. Umeona? Jeti inaonekana ina mbio balaa lakini kwa Dar inakuokolea robo saa tu, maana muda mwingi unaishia chini na kwenye kupanda na kushuka. Kwa iyo mtu akikuuliza aongeze elfu hamsini apande jeti awahi, mwambie hapana, achague ndege yenye saa inayomfaa. Kwa Addis ndo jeti ina maana, 1,390 gawanya kwa 800 ni kama saa moja na dakika 45, ongeza nusu saa, saa mbili na robo. Tiketi inaweza ikaandika zaidi kidogo ya hapo, ratiba huwa inawekewa dakika za akiba.

Za mbugani ni stori nyingine. Kisongo mpaka Seronera, ndani ya Serengeti, ni kama kilometa 225, kwa Caravan dakika 45 ongeza 25, ni kama saa moja na dakika kumi, wakati kwa gari kupitia Ngorongoro unamaliza karibu siku nzima. Lakini zile ndege zinashusha na kupakia njiani kama daladala, zinaweza kugusa viwanja viwili vitatu kabla ya chako, kwa iyo hapo usipige hesabu ya kilometa, uliza inasimama mara ngapi.

Na kwa anayeenda Dar mchana kweupe, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto, mlima utauona vizuri ndege ikishanyanyuka, ukirudi kaa kulia. Mimi nimezaliwa chini ya huu mlima, nauona kila siku, lakini siku ya kwanza kuuona kutoka ubavuni hivo, theluji na shimo la Kibo vyote viko wazi, nilinyamaza mpaka tunafika Dar.

Sasa kipande nilichosema usikiruke, saa za kwenye tiketi.

Tiketi inatumia saa 24 za kizungu, sisi tunahesabu toka jua linapochomoza. Kanuni ninayowapa watu ni hii: ukiona 00 mpaka 06, jumlisha 6. Ukiona 07 mpaka 18, toa 6. Ukiona 19 mpaka 23, toa 18. Kwa iyo 04:15 ni saa kumi na robo alfajiri, 06:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana, 22:00 ni saa nne usiku. Andika kwenye karatasi ubandike hata kwenye friji, kuna watu wanasoma 07:30 wanakwenda uwanjani saa saba mchana, nimewaona kwa macho yangu, tena watu wazima wamesoma.

Ila kibaya kuliko vyote ni ndege ya usiku wa manane. Ndege nyingi za kwenda nje zinaondoka usiku mkubwa, na hapo tarehe ya tiketi na tarehe yetu ya mdomoni hazikai pamoja. Sisi tukisema usiku wa Alhamisi tunamaanisha Alhamisi jua likishazama, na wazee wetu wengine wakisema hivo wanamaanisha usiku wa kuamkia Alhamisi, maana kwa hesabu ya zamani siku mpya inaingia magharibi. Tiketi yenyewe haijui yote hayo, kwake siku inabadilika saa sita kamili usiku, basi.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilitupata nyumbani. Mama mkubwa alikuwa anaenda kumwona mwanae aliyejifungua huko nje, mara yake ya kwanza kupanda ndege, ameandaa unga wa ndizi na vitenge vya mtoto, begi limefungwa kwa kamba siku tatu kabla. Tiketi imeandikwa 00:50, Alhamisi. Nikaitiwa niisome, nikasoma, nikasema Alhamisi usiku saa sita na dakika hamsini. Familia nzima tukajipanga, Alhamisi jioni tukasali, tukapakia, saa tatu usiku tuko KIA kwenye mlango, askari anaangalia tiketi anatuangalia, anasema mama hii ndege imeshaondoka jana usiku. Masaa ishirini yalikuwa yamepita. Ile 00:50 ya Alhamisi ni dakika hamsini baada ya Jumatano kuisha, tulitakiwa tuwe pale Jumatano saa nne usiku. Mama mkubwa hakulia, alikaa tu juu ya begi akasema basi turudi mwanangu, na mimi mpaka leo ile sauti naisikia. Tiketi nyingine ilinunuliwa baada ya wiki tatu na aliondoka salama, lakini zile arobaini za mtoto hakuziwahi.

Kwa iyo sikiliza, ukiona saa ya tiketi inaanza na 00, 01, 02 au 03, chukua tarehe iliyoandikwa, rudi siku moja nyuma, hiyo ndo siku ya kutoka nyumbani jioni. Mwandikie msafiri kwa maneno, sio kwa namba. Andika "unatoka nyumbani Jumatano saa mbili usiku". Wape hivo na wanaomsindikiza.

Kingine ni tofauti za saa kati ya nchi. Saa za kwenye tiketi siku zote ni za mji husika, ya kuondoka ni ya huku na ya kufika ni ya kule. Sisi tuko masaa matatu mbele ya Greenwich. Kenya, Uganda, Ethiopia na Qatar wako sawa na sisi, kwa iyo huko unatoa tu moja kwa moja. (Wahabeshi nao wanahesabu saa kama sisi, toka asubuhi, ukiwa Addis mtaani ukaambiwa saa mbili jua ni saa mbili yetu hii hii. Uwanjani lakini ni za tiketi.) Rwanda, Burundi na Afrika Kusini wako lisaa limoja nyuma yetu. Dubai lisaa moja mbele. China masaa matano mbele, nchi yote saa moja, wale mnaoenda Guangzhou kwa mzigo mnalijua hili.

Mfano, umeona tiketi ya KIA Kigali inaondoka 10:00 inafika 10:30. Mtu anasema kumbe Kigali ni nusu saa! Hapana. Ile 10:30 ni ya Kigali, huku kwetu ni 11:30, kwa iyo safari ni saa moja na nusu. Hakikisha kwa kilometa, KIA Kigali inakuja kama 786, gawanya kwa 800, ongeza nusu saa, saa moja na nusu hiyo hiyo. Hapo ndo napenda hii hesabu ya umbali, inakuwa shahidi wa tiketi, vitu viwili vikigongana unajua kuna mahali umesoma vibaya.

Ulaya wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu wanasogeza mbele, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi wanarudisha. Amsterdam kiangazi chao iko lisaa limoja nyuma yetu, baridi masaa mawili. Tuseme mwezi wa saba ndege inatoka kule 10:15 inafika KIA 19:50, ukitoa inakuja masaa tisa na dakika 35, punguza lisaa la tofauti, inabaki masaa nane na dakika 35. Pima na kilometa, 6,900 gawanya kwa 850 ni kama masaa nane na dakika saba, ongeza nusu saa, imekaa palepale. Ndege hiyo hiyo mwezi wa kwanza ikiondoka 10:15 itafika huku 20:50, sio kwamba imechelewa wala imezunguka.

Tumalizie na hesabu ya mlango kwa mlango, maana hakuna mtu anayeishi uwanjani. Turudi kwa yule wa kikao. Ndege yake 07:30, yaani saa moja na nusu asubuhi. Kwa safari za ndani fika masaa mawili kabla, za nje matatu, kwa iyo awe KIA saa kumi na moja na nusu. Moshi mpaka KIA weka dakika 50, unapita Boma Ng'ombe alafu unakata kushoto kwenye njia panda ya KIA, alfajiri hakuna foleni ila kuna vibao vya hamsini na matochi ya trafiki. Toka Arusha mjini weka lisaa na robo, Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kote huko ni makazi, huwezi kukimbia na usimlazimishe dereva akimbie. Wa Moshi basi anatoka nyumbani saa kumi na dakika arobaini usiku. Ndege inafika Dar saa mbili na dakika hamsini. Kutoka na begi nusu saa. Uwanjani mpaka Posta asubuhi weka lisaa zima. Anaingia Posta saa nne na dakika ishirini. Jumla masaa matano na dakika arobaini, na angani alikaa saa moja na dakika ishirini, hata robo ya safari haifiki. Bado inalipiga basi mbali sana, basi toka Moshi ni masaa tisa kumi hivi, lakini kikao chake ilibidi akiweke saa tano.

Na kama wewe ndo unapokea mgeni, piga hesabu kwa kurudi nyuma, ila usianzie kwenye saa ya tiketi, anzia kwenye saa aliyoondoka kweli. Mwambie akutumie ujumbe wakati wanafunga milango, au fuatilia ndege yenyewe kwenye Flightradar24. Akiandika toka Addis saa nne na dakika ishirini asubuhi kwamba wanaondoka, ongeza masaa mawili na nusu uwe na akiba, anatua saa saba kasoro dakika kumi. Uhamiaji, viza na begi weka dakika 45 mpaka lisaa na nusu, inategemea foleni. Toka Moshi dakika 50. Saa sita kamili mchana unawasha gari, unafika wakati ndege inagusa chini, unapata na muda wa kuandika jina lake kwenye karatasi kwa herufi kubwa.